Boti ya familia haisajiliwi kwa ukubwa wa wimbi

BARAFU ikishayeyuka kwenye maziwa ya Minnesota, kaskazini mwa Marekani, linafunguka dirisha la usajili ambalo mashabiki wengi wa soka hawalijui. Halina Fabrizio Romano wala picha za mchezaji akishika jezi mpya, lakini presha ni ile ile na mkwanja unaotembea si wa kitoto.

Ni dirisha la boti. Baba anaingia kwenye yadi ya muuzaji, mama yuko pembeni anahesabu, watoto wameshapanda juu ya boti kabla hata bei haijatajwa. Na swali la kwanza kila mwaka ni moja: “Hii inatoa wimbi kubwa kiasi gani?”

Hapo ndipo familia nyingi zinapochemka. Ni sawa na kamati ya usajili inayouliza straika ana mabao mangapi, ikasahau kwamba msimu uliopita timu iliruhusu mabao 50. Wimbi ni straika. Swali la kwanza linapaswa kuwa la ulinzi: mapanga ya injini yako wapi, na nani atakuwa majini karibu nayo?

Anayeanza na swali hilo atanunua boti tofauti kabisa na anayeanza na wimbi. Na huenda ikawa ya bei nafuu zaidi.

MCHEZO WENYEWE

Minnesota si mahali pa kubahatisha kwa jambo hili. Jimbo hilo linajiita la maziwa 10,000, na wakihesabiwa yale yenye ukubwa wa ekari 10 na zaidi, yanafika 11,842. Huko ndiko kuteleza juu ya maji kulikoanzia. Mwaka 1922, kijana wa miaka 18, Ralph Samuelson, alisimama juu ya mbao mbili alizozipinda ncha mwenyewe, akavutwa na boti kwenye ziwa Pepin. Watu walidhani kachanganyikiwa.

Wekibodi ni mjukuu wa mchezo huo. Mchezaji anasimama kiubavu juu ya ubao mmoja, miguu imefungwa kwenye viatu vilivyobanwa kwenye ubao, anashika kamba yenye urefu wa karibu mita 20. Boti inakwenda kama kilomita 30 hadi 37 kwa saa. Wimbi linaloachwa nyuma ya boti ndilo ngazi yake: analiendea kwa kasi, linamrusha juu, anageuka hewani, anatua upande wa pili.

Ndiyo maana boti za kazi hiyo zina mambo mawili yasiyoonekana kwenye boti za kawaida. La kwanza ni mnara wa chuma unaofungiwa kamba juu ya vichwa vya abiria, ili mchezaji avutwe kuelekea juu. La pili ni matangi yanayojazwa maji ya ziwa kwa makusudi. Boti inazama kidogo, na ikizama wimbi linakua.

Hapo ndipo kampuni zinaposhindania. Kila mwaka matangi yanaongezeka, wimbi linapanda na bei inapanda nalo. Nani asiyetaka straika mrefu?

KIKOSI CHA WATU SITA

Chukua mfano wa familia ya watu sita inayoishi karibu na Minneapolis, mji ambao Wasomali na Wakenya wengi wamefanya makazi. Kuna baba, mama, kijana wa miaka 16, binti wa miaka 12, mdogo wao wa miaka saba na bibi aliyekuja kukaa nao kiangazi.

Nani hasa anacheza wekibodi hapo? Kijana wa miaka 16, na kidogo yule binti. Baba atajaribu mara mbili, mgongo utamkumbusha umri wake, na Jumamosi inayofuata atasema leo anaendesha tu.

Hata huyo kijana hachezi muda mrefu. Dakika 15 nyuma ya kamba zinatosha kumaliza mikono. Wakikaa ziwani saa tano, huenda kamba ikafanya kazi saa moja. Saa nne zilizobaki ni kuogelea, kula, kuzunguka taratibu na bibi akitafuta kivuli.

Kwa hiyo familia inayotoa fedha ndefu kwa ajili ya wimbi imesajili mchezaji anayeingia dakika ya 70. Si vibaya kuwa naye. Vibaya ni kumlipa bajeti yote halafu hakuna beki.

Mdogo wa miaka saba ndiye atakayekuwa majini muda mrefu kuliko wote. Ndiye atakayepanda na kushuka kibaraza cha nyuma mara 30 kwa siku. Boti ichaguliwe kwa ajili yake.

MAPANGA YAKO WAPI

Boti za familia zinazovuta watu zinagawanyika kirahisi katika makundi matatu, na tofauti kubwa iko kwenye rafadha, yaani yale mapanga yanayozunguka majini na kusukuma chombo.

Kundi la kwanza ni lile ambalo injini iko ndani na rafadha iko chini ya tumbo la boti, mbele ya ukingo wa nyuma. Hizi ndizo boti za wekibodi zenyewe. Mtoto akikaa kwenye kibaraza cha nyuma akining’iniza miguu, mapanga hayako chini ya miguu yake.

Humo nako kuna aina mbili. Ipo yenye injini katikati, inayopendwa na wanaoteleza kwa mbao mbili kwa sababu wimbi lake ni dogo, lakini boksi la injini linakula nafasi ya watu. Ipo yenye injini nyuma kabisa, chini ya viti, na hiyo inaacha sebule nzima wazi kwa familia.

Kundi la pili ni lile ambalo injini iko ndani lakini mkono wenye rafadha umechomoza nyuma. Boti hizi ni za matumizi mengi: zinakimbia vizuri, zinageuka kirahisi na nyingi ni nafuu. Shida ni kwamba mapanga yako nyuma au chini ya kibaraza kile kile ambacho watoto wanapandia. Tangu 2015, Volvo Penta imekuwa ikiuza mfumo unaogeuza rafadha zikaangalia mbele na kuingia chini zaidi ya boti. Unasaidia, lakini boti nyingi zilizotumika sokoni hazina.

Kundi la tatu ni la injini ya kupachika nyuma, ile wanayoijua wavuvi kuanzia Mwanza hadi Kisumu. Humu wamo pia pantoni, na mkazi wa Kigamboni asidhani ni kile kivuko chake. Pantoni ya Minnesota ni jukwaa dogo lililokaa juu ya mapipa marefu mawili au matatu ya alumini, lina viti kama vya sebuleni na kivuli cha kutosha. Bibi ataipenda kuliko zote. Kwa wekibodi haina wimbi la maana, na mapanga yako nyuma, wazi.

Wengi hawapendi kuzungumzia rafadha kwa sababu haina mvuto. Haionekani kwenye picha, na hakuna mtoto atakayemsimulia rafiki yake shuleni kwamba boti yao ina rafadha iliyokaa pazuri.

Lakini soka limeshafundisha somo hilo. Mwaka 2015 Leicester City ilimchukua N’Golo Kante kutoka Caen bila kelele. Mei 2016 Leicester ikawa bingwa wa England. Kante akahamia Chelsea, na Mei 2017 Chelsea nayo ikawa bingwa. Jina lililoimbwa sana lilikuwa la mfungaji, lakini waliojua mpira walijua nani alikuwa anaziba mashimo.

Rafadha iliyo chini ya tumbo la boti ni Kante wa familia.

HEWA ISIYO NA HARUFU

Hata hivyo, boti ya kundi la kwanza si dawa ya kila kitu. Lipo jambo ambalo linazihusu zote, nalo ni moshi.

Injini ya petroli inatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi. Sasa mtoto aliyeshinda juani akisema kichwa kinamuuma na anasikia usingizi, mzazi gani atafikiria moshi? Wengi watasema kachoka, mlazeni.

Mwaka 2015, mtoto wa miaka saba alifariki kwa hewa hiyo kwenye ziwa Minnetonka, akiwa matembezini na familia yake ndani ya boti. Kilio hicho kilizaa sheria. Tangu Mei 2018, Minnesota inazitaka boti zenye chumba kilichofungwa chenye sehemu ya kulala, jiko na choo ziwe na kifaa cha kugundua hewa hiyo.

Boti nyingi za wekibodi ziko wazi juu, kwa hiyo sheria hiyo haizibani. Lakini upepo hauna sheria. Boti inapokwenda polepole, moshi unaweza kurudi ndani kutokea nyuma, hasa turubai likiwa limefungwa pande zote. Kibaraza cha nyuma, pale juu ya bomba la moshi, ndiyo sehemu mbaya kuliko zote injini ikiwa inanguruma. California iliona hivyo mapema na kutunga sheria mwaka 2004 kuzuia watu kushikilia kibaraza hicho huku boti ikiwa inatembea.

Kwa hiyo kanuni ya nahodha ni fupi: mtu akisogelea kibaraza, injini inazimwa. Haitoshi kuitoa kwenye gia. Inazimwa kabisa, funguo inageuzwa. Kanuni hiyo inamlinda mtoto na mapanga na moshi kwa pamoja, na haina gharama.

MKWANJA NA MCHEZAJI MTUMBA

Boti mpya za wekibodi kutoka majina makubwa kama MasterCraft, Malibu na Nautique nyingi zinapita dola 100,000, na za juu zinapita dola 200,000. Kwa fedha za Tanzania hayo ni mamia ya mamilioni ya shilingi, kwa chombo ambacho Minnesota kinatumika takribani miezi minne kwa mwaka. Miezi mingine kimelala kwenye banda, ziwa limeganda.

Familia yenye akili itafute iliyotumika, iliyotunzwa, yenye injini ndani na rafadha chini ya tumbo, urefu wa futi 20 hadi 22, hata kama ina umri wa miaka 15. Wimbi lake halitakuwa la mabingwa wa dunia. Kwa kijana wa miaka 16 anayejifunza kuruka, linatosha na kubaki.

Vipimo vya afya visirukwe. Klabu kubwa imewahi kukataa mchezaji kwa goti tu, seuze boti? Cha kwanza ni saa za injini, maana boti haihesabiwi kwa kilomita. Cha pili ni nyufa kwenye injini, kwa sababu maji yakiachwa ndani msimu wa baridi yanaganda, yanatanuka na kupasua chuma. Cha tatu ni sakafu: ikibonyea chini ya mguu, huenda mbao za ndani zimeoza. Cha nne ni kumbukumbu za matengenezo, ikiwamo kile kipande cha mpira kilicho ndani ya pampu ya maji ya kupozea injini, ambacho hakidumu na kikifa injini inachemka.

Baada ya hapo, majaribio yafanyike majini na familia nzima iwemo. Bibi aingie na kutoka mwenyewe. Mdogo apande ngazi akiwa na jaketi la kujiokolea. Mama aendeshe, tena airudishe nyuma, kwa sababu boti za kundi la kwanza hazitii usukani zikirudi nyuma, na siku baba akiwa kwenye kamba ni mama atakayekuwa nahodha. Muuzaji anayekataa majaribio ya namna hiyo aachwe na boti yake.

WANAOSEMA VINGINE

Wapo wenye hoja, na wasikilizwe.

Wa kwanza wanasema kijana akiwa na kipaji cha kweli, wimbi dogo litamkwamisha. Ni kweli kwa wachache. Lakini kijana wa namna hiyo anaweza kujiunga na klabu au kwenda kwenye kebo, mtambo unaowavuta wachezaji kuzunguka bwawa bila boti. Ni hiyo wekibodi ya kebo iliyowahi kuomba nafasi Olimpiki ya 2020, ingawa ilikosa. Akademi ipo, si lazima baba ajenge uwanja nyumbani.

Wa pili wanasema boti ya kundi la pili ni nafuu, inafanya kila kitu, na wameitumia miaka 20 bila ajali. Nao wana haki. Kama kamba inatoka mara tatu kwa msimu, na kazi kubwa ni kuzunguka na kula samaki, basi boti hiyo au pantoni inafaa kuliko ya wekibodi. Ila wakubali kwamba nidhamu ya kuzima injini inabidi ifanye kazi ambayo umbo la boti haliifanyi. Timu isiyo na kiungo mkabaji inaweza kushinda, lakini mabeki hawaruhusiwi kusinzia hata dakika moja.

Ambao hawana hoja ni wale wanaonunua matangi makubwa kisha wanasahau hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukijaza lita 1,500 ni kama umepandisha watu wazima 20 ambao huwaoni. Halafu juu yake wanaitwa binamu na majirani, wanne wanakaa mbele kabisa, wimbi la boti nyingine linakuja, maji yanaingia kwa mbele.

Uwezo wa boti umeandikwa kwenye bamba au kitabu chake, na hauongezeki kwa sababu ni sikukuu. Kanda ya Ziwa hawahitaji kufundishwa somo hili na Mmarekani. MV Bukoba ilizama Mei 1996, MV Nyerere ikapinduka Septemba 2018, na nyumba nyingi bado zinahesabu viti vilivyobaki vitupu.

KUNA MAJIRANI PIA

Wimbi kubwa lina wenyewe wanaolilipia. Linagonga gati la jirani, linamomonyoa ukingo, linachafua maji ya kina kifupi. Vermont imeamua kulichukulia hatua: tangu 2024, wanaotengeneza mawimbi makubwa kwa uzito wa maji wanatakiwa wakae futi 500 kutoka ufukweni, kwenye kina cha futi 20 na zaidi. Ziwa lisilo na nafasi hiyo, halifai. Anayenunua leo kwa ajili ya wimbi tu anaweza kesho kukuta ziwa lake limefungiwa.

Halafu kuna maji yanayobaki ndani ya matangi. Ndiyo yanayohamisha kome wenye milia kutoka ziwa moja hadi lingine, viumbe ambao Minnesota inapambana nao miaka mingi. Sheria ya huko inataka kizibo kivuliwe na maji yamwagwe kabla boti haijaondoka ufukweni. Aliyewahi kuona gugumaji lilivyolifanya Ziwa Victoria hawezi kusema hilo ni jambo dogo.

KIKOSI CHA KWANZA

Walinzi wa pwani wa Marekani walihesabu vifo 564 vya burudani ya boti mwaka 2023. Kwa vifo ambavyo sababu ilijulikana, watatu kati ya wanne walizama, na katika waliozama asilimia 87 hawakuwa wamevaa jaketi. Hakuna wimbi hapo, hakuna mnara. Ni jaketi lililokuwa chini ya kiti.

Kwa hiyo bajeti ianze huko: jaketi sita zinazowakaa watu sita, si jaketi kubwa za kubahatisha. Kisha kamba ya kuzimia injini, ambayo nahodha anajifunga ili akianguka injini ife yenyewe. Tangu Aprili 2021 sheria ya shirikisho inawataka manahodha wa boti nyingi ndogo waitumie. Kisha mwangalizi anayemtazama aliye kwenye kamba muda wote, ili nahodha atazame mbele. Binti wa miaka 12 akifundishwa ishara za mikono anaweza kazi hiyo, mradi simu ibaki kwenye mkoba.

Vitu hivyo vikishalipiwa, ndipo wimbi liulizwe.

Wahenga wa pwani walisema kwendea tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtu atazunguka mbele na nyuma ya chombo, atavutiwa na mnara, rangi na spika, lakini atarudi ndani, kule maji yanakojikusanya na ukweli wa chombo unakojulikana. Familia sita zikishuka kwenye gati jioni, ya ushindi si ile iliyoruka juu kuliko wenzake. Ni ile iliyoondoka na watu sita asubuhi, ikarudi na watu sita, na mdogo akiuliza kama kesho wataenda tena.